Kondoo Elfu Mbili Juu ya Daraja Jipya

Daraja jipya la mto Skolla lilikuwa zuri, hilo hata Steinunn hakulibishia. Lilikuwa na njia mbili, lami nyeusi isiyo na hata alama ya tairi, na nguzo za zege zilizozamishwa chini kiasi kwamba hata mto ukija na hasira zake zote za barafu utazipita kwa adabu. Watu wa mjini walikuwa wamelilia daraja hilo miaka mingi. Walichoshwa na lile la zamani, jembamba la gari moja moja, ambapo ulisimama kichwani pake ukimngoja mtalii aliyeamua kupiga picha katikati. Basi mainjinia wakaja, wakapima maji, wakapima upepo, wakapima uzito wa malori. Kitu kimoja tu hawakukipima, nacho kilikuwa kinateremka mlimani asubuhi ile kwa miguu elfu nane.

Walikuwa kondoo wa bonde zima, elfu mbili na ushee, wakitoka malisho ya juu baada ya siku tano za kusakwa kwenye makorongo na majabali. Ng'ambo ya mto lilikuwapo zizi la kugawia, ambako kila mwenye shamba angewashika kondoo wake pembe na kuwapeleka nyumbani. Ndivyo ilivyo kila Septemba. Ila mwaka huu daraja la zamani lilikuwa limekufa. Mafuriko ya mwezi wa tatu yaliipindisha nguzo yake moja, na wiki mbili nyuma mafundi waling'oa mbao zake za katikati. Lilibaki limesimama hapo chini kidogo ya jipya, na pengo lake, kama mtu aliyeng'olewa meno ya mbele.

Steinunn alikuwa mfalme wa mlima. Ndilo jina la cheo, na hakuna aliyeona haja ya kulibadilisha kwa sababu tu aliyekishika sasa ni mwanamke wa miaka sitini na moja mwenye magoti mabovu. Tangu watu wapande malishoni hadi kondoo wa mwisho aingie zizini, neno lake lilikuwa amri. Asiyetii alirudishwa nyumbani mchana kweupe, na bonde zima lingekuwa na habari kabla hajamvua farasi tandiko.

Idara ya barabara ilikuwa imempa saa moja. Kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tatu barabara kuu ingefungwa ili kondoo wavuke kwa miguu. Wakivuka, saa hiyo itakuwa haki ya bonde kila mwaka, kwa maandishi na muhuri. Wasipovuka, kuanzia mwakani kondoo watapakiwa kwenye malori, kwenda na kurudi, na kila mtu alijua maana yake. Mashamba makubwa yangeweza kulipia. Holt, shamba la Steinunn, na mengine tisa madogo madogo kama lake, hayakuwa na ubavu huo. Yangeacha kupeleka kondoo mlimani, na kondoo asiyekwenda mlimani hana maana yoyote; miaka miwili mitatu hivi, wangeuza na kufunga milango. Steinunn alikuwa amelitazama jambo hilo kila upande, akakata shauri. Kondoo watavuka leo, hata ikibidi awabebe mgongoni mmoja mmoja.

Injinia aliyesimamia daraja, Hrefna, alikuwa anamngoja kichwani pa daraja. Alikuwa binti wa miaka thelathini hivi, na buti zake mpya zilikuwa bado hazijajua matope.

"Umeamkaje, Steinunn?"

"Sijalala vya kuamka, mwanangu. Saa yako inasemaje?"

"Mbili kasoro dakika tatu. Vizuizi viko tayari pande zote mbili. Kuna mabasi mawili ya watalii na lori la samaki, na wote wanataka kujua nani kawafungia njia."

"Waambie ni mimi. Wakitaka kunitukana, nitakuwa zizini mpaka jioni."

Steinunn alishuka kwenye farasi, akanyoosha magoti yaliyolia kama bawaba, akatazama nyuma. Kundi lilikuwa limeshaingia kati ya zile nyua mbili ndefu zinazolibana kuelekea mtoni, na mvuke wa pumzi zao ulikuwa juu yao kama wa sufuria. Mbele ya kundi, pale nyua zinapokaribiana, alisimama Eyvindur na kamba yake.

Kazi ya Eyvindur ilikuwa hiyo kamba. Aliufunga mwisho wake mmoja kwenye nguzo ya uzio, mwingine akaushika mkononi, na kondoo hawakupita mpaka aishushe. Aliishusha, akahesabu hamsini kwa midomo tu bila sauti, akaipandisha. Hamsini wakivuka na kufika ng'ambo, anashusha tena. Alikuwa na miaka sitini na saba, na kazi hiyo aliifanya tangu akiwa na kumi na tisa. Hakuwahi kukosa mwaka, hata ule aliovunjika mbavu.

Sheria ya hamsini ilitoka kwa Ketill, baba yake Steinunn. Mwaka 1974 Ketill ndiye aliyekuwa mfalme wa mlima, na siku hizo kundi lote lilisukumwa darajani kwa pamoja, watu wakiwa na haraka ya kwenda kunywa. Mbwa mmoja akabweka vibaya, kondoo wakasongamana katikati ya daraja, ukingo wa mbao ukapasuka. Kondoo thelathini na wanne walienda na maji. Na Kolbeinn, kaka yake Eyvindur, kijana wa miaka ishirini na mitatu aliyeimba vizuri kuliko wote bondeni, alienda nao. Steinunn alikuwa na miaka kumi na mitatu, amesimama ukingoni na chupa ya kahawa ya baba yake, na aliona yote. Wiki ile ile Ketill alitoka mazishini akasema kuanzia sasa ni hamsini kwa wakati mmoja, basi. Kisha akampa Eyvindur kamba.

"Eyvindur!" Steinunn aliita. "Saa mbili. Wape njia."

Wa kwanza kutoka alikuwa Golsa. Wako kondoo wa nyama na wako kondoo wa akili, na Golsa alikuwa wa akili tupu: miguu mirefu, tumbo jeusi, mgongo mweupe, mnofu wa kukwaruza. Kwa miaka tisa alikuwa ameliongoza kundi kupita theluji na ukungu bila kukosea. Alilitazama daraja jipya, akanusa ule ukanda wa chuma unaounganisha lami na daraja, akaugonga kwa kwato, ukalia. Akaupita. Hamsini wake wakamfuata, na watu kwenye nyua wakaanza kutabasamu.

Walitabasamu mapema mno. Hatua thelathini mbele, wale hamsini walianza kutawanyika. Lami ilikuwa pana, upepo ulivuma kutoka kwenye barafu ya milimani, na pembeni hakukuwa na mbao za kuziba macho, ila vyuma vyembamba ambavyo kati yake maji ya kijivu yalionekana yakikimbia. Nyuma yao kondoo elfu mbili walilia. Majike walisikia wana wao wakilia katika kundi lililobaki. Mmoja akageuka, wawili wakageuka, kisha wote wakageuka wakarudi mbio na kuipita kamba ya Eyvindur kana kwamba haipo. Golsa alibaki peke yake katikati ya barabara kuu, akiwatazama kwa dharau, halafu naye akarudi zake polepole.

"Tena," alisema Steinunn.

Mara ya pili walifika mbele kidogo. Mara ya tatu walipeleka mbwa, na hapo ikawa balaa, maana dume moja la mwaka mmoja lilipanda miguu ya mbele kwenye vyuma vya pembeni likabaki linaning'inia hivyo, likipepesuka, mpaka kijana mmoja akalivuta mkia. Ng'ambo, nyuma ya kizuizi, dereva wa basi la watalii alikuwa ameshuka kuvuta sigara.

"Jamani, waambieni ni bure!" alipaza sauti. "Wanadhani kuna tiketi!"

Watu wake walicheka. Upande wa pili hakuna aliyecheka. Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na mbili, na Hrefna alikuwa anaitazama saa yake kwa siri, jinsi mtu anavyoitazama akiwa msibani.

"Steinunn," alisema kwa sauti ya chini, "mimi nitaandika kwamba mlijitahidi. Nitaandika vizuri."

"Usiandike kitu bado."

"Nasema tu kwamba…"

"Nimesikia, mwanangu. Weka kalamu mfukoni."

Steinunn alitembea peke yake mpaka mwanzo wa daraja, akasimama juu ya ule ukanda wa chuma. Akalitazama daraja jipya. Akaligeukia la zamani pale chini, lile kibogoyo. Akalitazama tena jipya. Hamsini kwenye daraja la zamani walilijaza ukingo hadi ukingo. Kondoo hakuwa na pa kugeukia hata angetaka, wala hakuona maji, aliona makalio ya mwenzake tu, akayafuata. Hapa hamsini hao hao walikuwa njegere chache kwenye sufuria la harusi.

Hakuna aliyesema asubuhi ile watumie sheria ya hamsini. Hakuna hata aliyeitaja. Walifunga kamba na kuanza kuhesabu, kama mtu aliyekulia nyumba ya mlango mfupi, ambaye mlango unabomolewa, unajengwa mrefu, naye bado anainama akiingia. Steinunn alijiona mjinga, akawaona wote wajinga, na akapata nguvu.

"Hrefna! Hili daraja lako linabeba kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini?"

"Cha kondoo. Nikiwaweka wote juu yake, elfu mbili, kwa mpigo."

Hrefna alifumba jicho moja akipiga hesabu kichwani, kisha akacheka kwa mara ya kwanza siku hiyo. "Mwezi uliopita tulisimamisha juu yake malori manane yaliyojaa kokoto, kutwa nzima. Kondoo wako hata halitawasikia."

"Na hivi vyuma vya pembeni?"

"Vinalizuia lori, Steinunn. Lakini lori halirukii juu."

Hilo lilikuwa kweli, na Steinunn alilipokea. Kondoo waliosongamana hupandana, na anayepandishwa mgongoni mwa wenzake huweza kumwagika juu ya ukingo kama maziwa yaliyochemka. Kwa hiyo uwekwe ukingo mwingine ndani ya ukingo. Alikuwa na watu sitini na kitu: wasakaji wa mlimani, wake na waume zao waliokuja na mikate bapa na nyama ya moshi, wajukuu, mchungaji wa kanisa, mwalimu.

"Kila mwenye mikono darajani!" alipiga kelele. "Nusu huku, nusu kule, migongo kwenye vyuma, mikono wazi! Kondoo akipanda, msukume ndani. Msipige kelele, msikimbie. Mbwa wote kwenye magari. Na wewe pale, wewe mwenye tiketi! Unavuta sigara ya nini? Njoo, tuna nafasi!"

Dereva wa basi alitazama kushoto na kulia, akaizima sigara, akaja. Watalii watatu wakamfuata. Hrefna alikaza kamba za buti zake, akaenda kusimama kwenye mstari bila kuambiwa.

Ilikuwa saa mbili na dakika ishirini na tisa. Kilichobaki kilikuwa kamba.

Eyvindur alikuwa ameisikia kila amri, na alikuwa ameikaza kamba kwa mikono miwili.

"Ishushe, Eyvindur," Steinunn alisema. "Na usiipandishe."

"Ni hamsini."

"Hamsini hawavuki. Umeona mwenyewe, mara tatu."

"Basi arobaini. Basi sitini, nakupa sitini. Lakini wote kwa pamoja, hapana. Baba yako mwenyewe ndiye aliyesema, binti Ketill. Alitoka kumzika ndugu yangu, mikono ina udongo, akasema."

"Alisema juu ya lile." Steinunn alionyesha daraja la zamani. "Lilikuwa la mbao. Lilikuwa limeoza, na alijua limeoza, na bado aliwasukuma wote. Sheria ile ilikuwa toba yake, Eyvindur. Mimi nilikaa naye nyumba moja, najua. Mimi sitaki kuuza Holt kwa sababu ya toba ya baba."

"Mto ni ule ule."

Nyuma ya Eyvindur kundi lilisukumana, uzio ukalia, na mtu akapiga kelele kwamba nguzo zinaanza kuinama. Muda ulikuwa unakwenda. Alimpenda mzee huyu. Kila mwaka, baada ya kondoo wote kuvuka, walikuwa wanakaa wawili kwenye jiwe wakila samaki mkavu na siagi bila kusema neno, na hakuna ukimya mwingine duniani alioupenda kama ule. Akajua kwamba akilisema neno linalofuata huenda wasikae tena.

"Eyvindur," alisema, "mimi ni mfalme wa mlima. Ninakuamuru. Ishushe kamba."

Miaka yote mitatu ya ufalme wake hakuwahi kumwamuru. Eyvindur alimtazama kana kwamba amemzaba kofi. Kisha akaja hatua mbili, akakishika kiganja cha Steinunn, akauweka mwisho wa kamba ndani yake, akavifunga vidole vyake juu ya kamba kimoja kimoja.

"Iachie wewe," alisema. "Mimi siwezi."

Akageuka akaondoka. Steinunn alidhani anakwenda kwenye gari lake, na moyo ulimuuma, lakini hakumwita. Alingoja mpaka mtu wa mwisho akae mahali pake kwenye mstari, kisha akafungua vidole. Kamba ikaanguka kwenye matope.

Golsa alitoka kama mtu aliyecheleweshwa na wapumbavu tangu alfajiri. Nyuma yake hawakuja hamsini. Walikuja mia, mia tatu, walikuja weupe na weusi na wa kahawia, bega kwa bega, wakaujaza ukanda wa chuma ukalia mara moja na kunyamaza chini ya manyoya. Kati ya mistari miwili ya watu hapakuonekana lami tena. Kondoo hakuona maji. Aliona sweta za sufu pande zote mbili na makalio mbele, na vyote viwili alikuwa anavijua tangu kuzaliwa. Kundi lilisogea zito, bila kukatika, mwendo wa uji unaomiminwa, na daraja, kama alivyosema Hrefna, halikujali.

Steinunn alisimama kando kwenye tuta, roho mkononi, akihesabu watu badala ya kondoo: mchungaji, mwalimu, wajukuu wawili wa Holt, dereva wa basi aliyekuwa anasema "pole, pole, samahani" kwa kila kondoo aliyempiga goti. Macho yake yakafika katikati ya daraja, upande ule mto unakoteremkia. Hapo alimwona Eyvindur.

Hakuwa amekwenda kwenye gari. Alikuwa amesimama mahali ambapo, kama ungelisogeza daraja la zamani mpaka hapo, ungekuta pale ukingo ulipopasuka mwaka 1974. Mikono yake ilikuwa wazi kama ya wengine. Steinunn alipomwona tu, msongamano ukamfikia. Mbele, mwanakondoo mmoja alikuwa ameteleza, waliomfuata wakasita, wa nyuma yao hawakusita, na hapo katikati kundi likaanza kuvimba. Jike moja kubwa lilibebwa juu ya migongo, kwato zikitafuta pa kukanyaga, likaja moja kwa moja kwa Eyvindur kifuani. Likamparamia. Kofia yake ikaenda mtoni. Mgongo wake ulipinda juu ya vyuma mpaka Steinunn akapiga ukelele ambao hakuusikia mwenyewe.

Eyvindur hakulikwepa. Alilikumbatia jike lile shingoni kwa mikono yote miwili, akakaa nalo hivyo, uso ndani ya manyoya, miguu ameikita, sekunde baada ya sekunde. Mbele mwanakondoo akasimama. Kundi likalegea, likasonga. Eyvindur akaliteremsha jike taratibu kwenye lami, akalipiga kofi la matako, likaenda na wenzake kama hakuna kilichotokea. Akafungua tena mikono.

Wa mwisho kuvuka walikuwa vilema wawili na dume moja zee lisilopenda kuharakishwa na mtu. Ng'ambo, watu wa zizini walifunga lango. Bonde zima likapiga kelele, kofia zikarushwa, mchungaji akambusu dereva wa basi. Hrefna alikuja mbio, buti zake sasa zimejua kila kitu, machozi yanamtoka wala hayafuti.

"Dakika kumi na mbili!" alisema. "Steinunn, dakika kumi na mbili tu! Ni saa mbili na arobaini na tatu. Hakuna hata mmoja aliyepotea. Naandika. Saa yenu mmeipata, mwakani na siku zote."

"Andika saa nzima," alisema Steinunn. "Wasije ofisini kwenu wakaona kumi na mbili wakatukatia robo saa."

"Saa nzima. Nitawaletea karatasi mwenyewe."

Steinunn alimkumbatia, akamnusa jasho na kondoo, akacheka. Holt ilikuwa imepona. Alitaka kukaa chini palepale matopeni. Lakini watu walikuwa wanatoka darajani, wawili wawili, wakipigana mabega, na kwenye vyuma vya katikati alibaki mmoja, kichwa wazi, amewapa wote mgongo. Wa kwenye vizuizi walikuwa wameshaanza kuvigusa. Basi likapiga honi, la pili likaitikia.

Steinunn alikwenda kwake kwa miguu, magoti yakilalamika. Alisimama ubavuni mwake. Chini yao mto ulipita kijivu, wenye kelele, bila haya.

"Wamevuka wote, Eyvindur."

"Nimewaona."

"Nisamehe kwa ile amri."

"Ilikuwa amri halali." Alifuta uso kwa mkono wa sweta. Alikuwa na mkwaruzo shavuni, damu kidogo. Alinyamaza, na Steinunn alidhani ndio ukimya wao wa kila mwaka umerudi, akashukuru. Kisha Eyvindur akasema, "Nilikuwa nimemshika."

"Nani?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mnasema nilichelewa kufika. Baba yako aliwaambia watu nilichelewa, nami nikanyamaza, kwa sababu ilikuwa nafuu. Sikuchelewa. Alikuwa ananing'inia nje ya ukingo nami nimemshika mkono, hivi. Kondoo walikuwa wananipanda mgongoni. Akanitazama. Nikamwachia, Steinunn. Kamba nimeishika miaka arobaini na minane. Mkono wake sikuweza kuushika hata mpaka mtu mmoja aje kunisaidia."

Steinunn alimwona tena baba yake akitoka mazishini na udongo mikononi, akimkazia macho yule kijana wa miaka kumi na tisa, na akaelewa kwamba Ketill alijua tangu siku ile.

"Ulikuwa mtoto," alisema.

"Nilikuwa na nguvu kuliko sasa. Na leo nimeweza."

Steinunn aliusogeza mwili wake karibu mpaka bega likakutana na bega, akauweka mkono wake wa kushoto juu ya wake pale kwenye chuma. Honi zililia tena, ndefu, za watu waliochoka. Kule mwisho wa daraja mtu wa kizuizi aliita, "Mfalme! Tufungue?"

Dakika kumi na nne zilikuwa bado zao. Steinunn hakugeuka. Aliuinua mkono wake wa kulia juu, kiganja wazi, kila mtu auone pande zote mbili za mto, na hakuushusha.